Masomo ya Watoto Waliorudi: Walimu Wafanye Nini, na Sisi Tufanye Nini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafadhili, Baraka)



Mlituomba tuzungumze juu ya watoto wenye kurudi ambao masomo yanawashinda. Sisi tunaotembelea shule kila wiki, tukiingia tu katika ofisi ya direkta tunasikia maneno yale yale: huyu iko na kichwa nguvu, huyu ni mvivu, yule analala kalasini. Tukiuliza wazazi wao ni nani, mara mingi ni familia zilizovuka ziwa.

Historia mnaijua kuliko sisi. Watu wa Fizi na Uvira walikimbia mwaka 1996, wakakimbia tena 1998, wakaishi Nyarugusu na Lugufu. Mashua za kurudisha watu kutoka Kigoma zilianza 2005, na kambi ya Lugufu ikafungwa 2009. Alafu 2018 wengine wakavuka tena, wengine Burundi, wengine Tanzania. Kwa hiyo tukisema mtoto aliyerudi, tusifikiri mtoto wa namna moja. Kuko aliyeona ndugu yake akiuawa. Kuko aliyebebwa mgongoni usiku na hakumbuki kitu, lakini amekua na mama ambaye anakumbuka kila kitu. Na kuko aliyezaliwa Nyarugusu, ambaye vita hakuiona kabisa. Huyo wa mwisho tunamsahau sana. Kwa baba yake ile safari ilikuwa ya kurudi nyumbani. Kwake yeye ilikuwa kuacha marafiki, mwalimu, fasi ya kucheza, na kufika kijiji ambacho watoto wenzake wanamcheka juu ya Kiswahili chake na kumwita «Mutanzania».

Sasa, kwa nini mtoto kama huyo analala kalasini? Mtu aliyepita katika hatari kubwa, mwili wake unaweza kubaki kwenye zamu ya ulinzi hata hatari ikiisha. Usiku usingizi hauji, au unakuja na ndoto mbaya. Mchana masikio yake yako nje, yanafuata kila sauti ya moto na kila mbio za watu. Mwalimu anauliza saba mara nane, mtoto hajasikia hata swali. Mlango wa bati ukipigwa na upepo, anaruka. Mwenzake akimgusa bega kwa nyuma, anageuka na ngumi. Mwingine anafanya kinyume: ananyamaza, anakuwa sawa kiti, na huyo ndiye anayeweza kumaliza mwaka mzima bila mtu kumtambua, maana hasumbui.

Fimbo haiponyi hayo. Mwili unaosubiri kupigwa, ukipigwa, umepata uhakika kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa. Na sheria iko wazi: Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka nidhamu ya shule itolewe kwa namna ya kumtendea mtoto kwa utu. Tunajua walimu wanaotuambia, «Nyinyi wa ma-ONG, njooni mufundishe watoto 70 bila fimbo, tuone.» Wana haki ya kusema hivyo. Ndiyo maana hatutaki kuwapa walimu hotuba juu ya huruma. Tunataka kusema mambo machache ambayo tumeona mwalimu mwenye watoto 70, na chaki mbili, anaweza kuyafanya.

La kwanza ni kwamba siku ijulikane. Mwalimu aandike ubaoni asubuhi: kusoma, hesabu, mapumziko, Kifaransa, kwenda nyumbani. Kama iko na mabadiliko, aseme mapema. Ni kitu cha dakika mbili, na kwa mtoto ambaye maisha yake yalivunjika ghafula usiku mmoja, kujua saa inayofuata kuna nini ni pumziko kubwa.

La pili ni fasi ya kukaa. Katika shule moja kulikuwa na kijana wa darasa la tano aliyekuwa anatoka mbio kila camion ikipita barabarani. Alipigwa, akasimamishwa siku tatu, akarudi, akatoka mbio tena. Mwalimu mwingine alipochukua ile kalasi, alihamisha benchi la kijana likawa karibu na dirisha, akamwambia: camion ikipita, angalia, alafu rudi kwenye kaye yako. Basi. Majuma ya kwanza aliangalia kila gari. Kufika Pasaka alikuwa anakaa mpaka mwisho wa masomo. Hatusemi alipona. Tunasema alikuwa kalasini, na mtu asiyekuwa kalasini hafundishiki.

La tatu, mtoto asilazimishwe kusimulia. Bado tunakuta walimu wanaotoa mada ya kuandika: «Simulia mambo uliyoyaona wakati wa vita.» Mtoto akitaka kusema mwenyewe, kwa wakati wake, mwalimu amsikilize pembeni, asimkatize, asimwambie «sahau». Lakini mbele ya wenzake 70, hapana. Na hapa, ndugu wafadhili, mtusamehe tukisema wazi: jambo hili linawahusu ninyi pia, na linatuhusu sisi tunaowaleta. Mgeni anayekuja na kamera na kuuliza mtoto baba yake alikufaje, anaondoka saa nane mchana. Mwalimu anabaki na yule mtoto.

Juu ya wale tunaowaita wavivu, tuseme kidogo zaidi, maana hapa ndipo tunapoteza watoto wengi. Mtoto anaacha kujaribu akishaona kwamba kujaribu hakumletei kitu. Na mara mingi kisa kinaanzia siku ya kuandikishwa.

Shule za Wakongomani kule kambini Tanzania zilifuata programu ya Congo. Mtoto anarudi na biletini yake. Lakini anafika hapa, direkta anamwambia asome mstari mmoja wa Kifaransa ubaoni, ulimi unakwama, anashushwa madarasa mawili au matatu. Tulimwona msichana wa miaka 14 aliyewekwa darasa la tatu kwa namna hiyo. Tukamuuliza hesabu kwa Kiswahili: aligawanya 144 kwa 12 bila kalamu. Aligawanya ndagala pia, kwa mafungu na bei, haraka kuliko sisi. Alikaa kwenye benchi na watoto wa miaka nane, magoti yakigusa meza, mpaka Januari. Alafu hakurudi. Leo anauza samaki bandarini. Wavulana wa hali hiyo hawauzi samaki. Wanakwenda kuchimba zahabu Misisi, au wanachukuliwa na watu wa msituni ambao hawaulizi biletini.

Huyo msichana kwenye rejista amendikwa «abandon». Sisi hatukubali neno hilo. Alipimwa Kifaransa, akahukumiwa hesabu. Ombi letu kwa walimu na madirekta ni kwamba mtoto aliyerudi apimwe kwanza kwa lugha anayoijua, hata kwa mdomo, dakika ishirini, alafu Kifaransa chake kipimwe peke yake na kishughulikiwe peke yake. Serikali yenyewe inakubali lugha za taifa katika madarasa ya kwanza. Na mtoto aliyepita umri kabisa asibanwe na watoto wadogo: kuko vituo vya CRS, ambavyo vinafunga miaka sita ya msingi katika miaka mitatu, na mwishoni mwanafunzi anafanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi kama wengine. Wazazi wengi wanaviona CRS kuwa shule ya watoto wa barabarani. Tafadhali, tuache aibu hiyo. Mtihani ni ule ule.

Akishakuwa kwenye darasa lake, mwalimu amtafutie kitu kimoja anachokiweza na akimwage mbele ya wote: hesabu za kichwa, kuchora ramani ya ziwa, kuimba. Ampe na kazi yenye maana, kama kushika rejista au kusomea wadogo. Wasichana wasipewe ufagio tu kila siku kana kwamba hiyo ndiyo heshima.

Kuko mambo yanayopita uwezo wa mwalimu, na hapo asijifanye daktari. Mtoto anayesema anataka kufa, anayejiumiza mwenyewe, asiyekula siku nyingi, asiyetambua watu walio mbele yake: huyo apelekwe kituo cha afya, na mzazi ajulishwe kwa upole. Na kama msichana au mvulana amebakwa, saa 72 ni mpaka wa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Asiambiwe asubiri mkutano wa familia wala mazungumzo ya wazee. Mwalimu aliyeambiwa siri kama hiyo asiipeleke kwenye chumba cha walimu.

Nani anamtunza mwalimu? Wengi wao walivuka ziwa lile lile, wakapoteza watu, na usiku wao pia hawalali. Wengine ni wale wa «N.U.», hawajaingia kwenye listi ya malipo ya serikali, wanafundisha na tumbo tupu. Huwezi kumwomba mtu huyo uvumilivu bila kumpa fasi ya kupumua. Hapa Kivu ya Kusini, pamoja na Kivu ya Kaskazini na Katanga, shirika la IRC lilishajaribu mradi wa OPEQ ambamo walimu wa shule moja walikuwa wanakutana kwa vikundi, wanazungumza juu ya kazi na matatizo ya kalasi, wanasaidiana. Watafiti kutoka New York waliufuata. Watoto walianza kuona shule na walimu wao wanawajali zaidi. Katika masomo yenyewe faida ilikuwa ya kiasi. Tunasema hivyo ili mtu asidhani tunauza dawa ya miujiza.

Sasa tufike kwenye sanduku letu. Kila Septemba kotizasio ya wanachama, pamoja na mchango wa wafadhili, inanunua kaye, biki na uniforme. Ni vizuri, na picha zinatoka nzuri. Lakini yule msichana wa samaki alikuwa na uniforme mpya. Alikuwa na kaye kumi. Tunaleta ombi kwamba mwaka huu theluthi moja ya sanduku ifanye kazi mbili nyingine. Ya kwanza: wanachama wawili wanaojua kusoma vizuri wasindikize kila mtoto siku ya kuandikishwa, wakiwa na makaratasi yake, na waombe apimwe kwa Kiswahili kabla ya kuwekwa darasa. Pesa yao ni ya safari na chakula tu. Ya pili: mkutano wa walimu wa shule nne, mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, na sahani ya ugali na samaki. Tunajua kuko wanachama watakaosema sanduku la wakimbizi waliorudi haliwezi kulisha walimu wa serikali. Tulijadiliane hapa hapa, kabla ya kupiga kura. Tusilipeleke kwenye kunywa.

Wazazi walio na biletini za kambini wazilete kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, hata zile zilizoloa maji mashuani. Kama jina la mtoto na mhuri wa shule bado vinaonekana, tutaanzia hapo. Wasio na karatasi yoyote waje pia, na mtoto mwenyewe, tutaandika pamoja alisoma wapi, mwaka gani na kwa mwalimu gani.