Kidonge Kwanza, Chai Baadaye
Alfajiri, kabla matatu za Ruiru na Thika hazijaanza kugombania abiria, mgonjwa ambaye tezi yake ya thairoidi imezembea humeza dawa yake, levothairoksini, kwa maji matupu. Chai ya maziwa na ingoje dakika 30 hadi 60. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vitengwe na dawa hiyo kwa muda wa saa 4.

Sasa kuna wagonjwa wa tezi walioacha ugali, chapati na mukimo ili wapungue uzito. Kuunyima mwili wanga kunaweza kushusha homoni ya tezi iitwayo T3. Uzito nao ukishuka sana, huenda dozi ikahitaji kurekebishwa. Usijipunguzie wala kujiongezea. Mweleze daktari unachokula, na dozi ikibadilishwa, pima damu baada ya wiki 6 hadi 8. Mizani ya bafuni haipimi tezi.