Ngao Isiwe ya Mwanafunzi Peke Yake

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Serikali)



Nimeombwa nizungumze juu ya umri wa mtoto katika sheria za Tanzania Bara. Wengi hudhani kuwa jambo hili ni la mahakimu na mawakili. La hasha. Mara nyingi anayeuandika umri wa mtoto kwa mara ya kwanza si hakimu. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, au mtendaji wa kijiji.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kanuni ya Adhabu, kwa upande wake, haimtii hatiani mtoto wa chini ya miaka 10. Na aliye chini ya miaka 12 hahukumiwi ila ithibitishwe kuwa aliweza kutambua ubaya wa tendo lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala masomo yake. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtaka mwanamume afikishe miaka 18, lakini mwanamke miaka 15 tu. Na mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu hata miaka 14.

Kutofautiana kwa umri si kosa daima. Mtoto hutambua kuwa wizi ni mbaya muda mrefu kabla hajaweza kubeba mzigo wa nyumba. Kosa ni pale sheria moja inapobomoa kile kilichojengwa na nyingine. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inaweka miaka 10 ya elimu ya lazima. Binti aliyeanza akiwa na miaka 6 atakuwa na miaka 16 amalizapo. Ndoa ya miaka 15 inamkuta bado darasani.

Ni kweli kwamba mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Lakini ngao hiyo ilifungwa kwenye neno "mwanafunzi". Binti aliyeacha shule kwa ufukara wa wazazi wake si mwanafunzi tena. Yaani aliyekwisha kunyimwa shule, akanyimwa na ngao pia! Ndiyo maana ni jambo kubwa kwamba mwaka huohuo Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vile vya ndoa vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Hata hivyo, hukumu haitembei yenyewe hadi kijijini. Hapana budi sisi tuifikishe. Mwalimu asilifute jina la mtoro katika daftari kabla ya kujua aliko na nani anamngoja huko. Mtendaji asimwongezee binti miaka ili kumridhisha baba aliyekwisha pokea mahari. Na kila mtoto apate cheti cha kuzaliwa mapema, kabla umri wake haujawa jambo la kubishaniwa na watu wazima wenye haja zao.

Sheria ikikosea, Bunge laweza kuirekebisha. Lakini miaka ya utoto ikishapotea, hakuna Bunge liwezalo kuirudisha.