Pilipili Ikinyauka, Tusikimbilie Maji

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya pilipili.

Jua la Lodwar mnalijua wenyewe. Mmea ukilegea saa saba mchana sote tunafikiri ni kiu, basi mfereji unafunguliwa. Mara nyingi ni kiu kweli. Lakini jua likishatua, udongo una unyevu, majani ni ya kijani na mmea bado umelala, shukuni mnyauko bakteria. Vijidudu hivi huingia kwenye mizizi na kuziba mishipa inayopandisha maji. Kumwagilia zaidi hakusaidii kitu. Tena maji yayo hayo huwapeleka kwa jirani wa chini.

Kupima ni rahisi. Kateni shina karibu na ardhi, mshikilie ncha yake ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndio wenyewe. Ng'oeni mmea na mizizi yake, mchome, na jembe lioshwe.

Sasa, wako pia bakteria wema, kama Bacillus subtilis. Hao hukaa kwenye mizizi, hugombea chakula na adui, na hutoa kemikali za kumzuia. Kwa hiyo lazima watangulie. Wawekeni kitaluni, kisha mchovye mizizi ya miche siku ya kuhamisha. Mmea ulionyauka hawaufufui, na anayewauzia kama tiba anawadanganya.

Kwa joto letu tunapendelea Bacillus, kwa sababu hujifungia ndani ya ganda gumu na kuvumilia ukavu. Pseudomonas hana ganda hilo. Akikaa kwenye duka la mabati hufa mapema. Someni tarehe kwenye pakiti, na msichanganye na dawa ya shaba.

Hata hivyo wema hawa hupunguza tu ugonjwa, hawaumalizi. Palipougua msirudishe pilipili, nyanya wala biringanya, ambazo ni ukoo mmoja. Pandeni mtama.

Na kabla ya kutoa pesa za kikundi, jaribuni mistari michache iliyochovywa na mingine bila, ikipishana, mbegu moja, maji sawa. Iliyochovywa msiiweke yote juu ya mfereji, mtajidanganya. Kila Jumamosi hesabuni iliyokufa, katibu aandike.