Nomino za Kiingereza na Vihusishi Vyake: Mtazamo wa Sarufi ya Kiswahili



Tuchukue nomino "dawa" kama itumikavyo Lipangalala, kata ya mji wa Ifakara katika bonde la Kilombero. Mkazi wa hapo husema: dawa ya malaria, dawa ya mbu, dawa ya mtoto, dawa ya mwarobaini. Ya kwanza hutibu malaria. Ya pili huua au hufukuza mbu. Ya tatu hunywewa na mtoto. Ya nne hutokana na mti. Mahusiano ni manne, kihusishi a-unganifu ni kimoja, na hakuna anayekosea kuelewa, kwani msikilizaji huvijua vitu vyenyewe.

Mwanafunzi wa hapo aingiapo sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, hukuta utaratibu mwingine. Huko nomino huteua kihusishi chake. Sababu ya mafuriko ni "cause of the flood", lakini sababu ya kutofika shuleni ni "reason for absence". Uharibifu wa mashamba ni "damage to the fields". Ongezeko la mavuno ni "increase in yields". Daraja la Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, ni "bridge over the river". Mwanafunzi aandikaye "of" kila mahali hakukosa fikra. Ameitafsiri a-unganifu kwa uaminifu.

Hapo ndipo penye hatari. Msahihishaji wa jiografia au baiolojia aweza kudhani kwamba mwandishi hakuelewa mafuriko au malaria, kumbe kilichomponyoka ni kihusishi tu.

Wako wasemao kwamba tiba ni kukariri. Kukariri hakuepukiki, kwa sababu maana peke yake haielezi kwa nini "cause" hufuatwa na "of", na "reason" hufuatwa na "for". Hata hivyo, ulinganishi utangulie. Mwalimu aulize kwanza, kwa Kiswahili: a-unganifu hii yabeba uhusiano gani? Ni wa umilikaji, lengo, chanzo au mahali? Kisha nomino ifundishwe pamoja na kihusishi chake, kama msamiati mmoja.

Kwa hiyo, sarufi ya Kiswahili si kikwazo cha kujifunza Kiingereza. Ndiyo ramani ya mahali makosa yatakapotokea. Mwalimu wa Kiingereza asiyeisoma ramani hiyo husahihisha makosa asiyoyajua asili yake.