Kazi Yako Inaishia kwa Nani?

(Hotuba iliyosomwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya makarani na wasimamizi wa kazi, Nairobi)



Nimealikwa nizungumze nanyi habari za mafunzo ya wafanya kazi, na uongozi ulio bora, na jinsi mtu awezavyo kuona maana katika kazi aifanyayo kila siku. Mambo hayo ni mapana, na kila moja lingetosha hotuba yake peke yake. Basi mniwie radhi nikianza na jambo dogo lililonipata mimi mwenyewe, ambalo halinipi sifa hata kidogo.

Nilipoingia kazini, mkubwa wangu wa kwanza alinionyesha meza, kamusi mbili na rundo la karatasi. Alinena maneno matatu tu: fasiri, piga chapa, peleka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu. Nami nilifasiri. Kwa muda wa miaka miwili niligeuza matangazo ya kodi, ya maji, ya mbegu na ya chanjo, wala sikujua hata moja lilisomwa wapi, wala na nani, wala kama lilieleweka. Karatasi ilitoka mezani pangu ikaenda zake kama jani lililoangukia mtoni. Mshahara ulifika kila mwisho wa mwezi. Walakini kila Jumatatu asubuhi nilishuka katika basi pale katikati ya mji nikiwa na miguu mizito, nikitazama saa kabla hata sijaketi.

Siku moja nikaletewa tangazo la kuchanja ng'ombe kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, katika kijiji kimoja upande wa magharibi ya mji. Kiingereza chake kilisema ng'ombe waletwe saa ambayo Waingereza huiita 9 ya asubuhi. Kila mtoto wa shule ajua kwamba hiyo kwetu ni saa 3. Mimi niliandika saa 9, wala sikutia neno asubuhi. Nilikuwa na haraka, na kwa kweli sikujali.

Maafisa wa mifugo walifika mapema, wakangoja mpaka adhuhuri. Dawa zilikuwa katika masanduku ya barafu, na barafu haingoji mtu. Wakaondoka. Saa 9 alasiri watu wakafika na ng'ombe wao, wakakuta majani yaliyokanyagwa na alama za magurudumu.

Wakati huo mkubwa wangu wa kwanza alikuwa amekwisha hamishwa, na amekuja mwingine. Huyu aliniita, akaniwekea tangazo langu mbele yangu, akaninyoshea kidole ile tarakimu. Nilingoja ukali wake. Badala yake akasema, "Chukua koti lako." Tukaingia garini, tukapita Westlands, tukaendelea mpaka kijijini, naye hakusema neno njia nzima. Chifu alikuwa amewakusanya watu. Nikasimama mbele yao nikaeleza ya kwamba kosa ni langu.

Palikuwa na mama mmoja mzee, mwenye ng'ombe mmoja tu. Alikuwa amemlipa kijana amsaidie kumswaga kutoka mbali, na fedha ile ilikuwa imekwisha toka mkononi mwake. Hakukasirika. Alinitazama akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyeandika? Sisi tulisoma saa tisa, tukaja saa tisa." Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo silioni neno lililoniingia zaidi ya hilo. Yule mama aliiamini karatasi yangu kuliko nilivyoiamini mimi.

Msije mkadhani kwamba mkubwa wangu alikuwa mpole kupita kiasi. Barua ya onyo aliniandikia vilevile, nayo imo katika faili langu. Lakini onyo lile peke yake lingenifunza kuogopa tu. Safari ile ilinionyesha mahali kazi yangu inapoishia.

Baadaye nilimwuliza alikojifunza mtindo huo. Akanijibu kwa mkato kwamba alisoma Kabete, na kwamba desturi hiyo ya Kabete ni ya zamani kuliko yeye. Nikaanza kutafuta habari za mahali pale, nami nawaletea kidogo katika yale niliyoyapata.

Wengi wenu mmepita barabara ya Lower Kabete mkakiona Chuo cha Serikali cha Kenya. Jina hilo ni la mwaka 2012, sheria ilipokiunda chuo hicho na kuvitia chini yake vyuo vya Mombasa, Matuga, Embu na Baringo. Kabla ya hapo, tangu 1961, palikuwa Taasisi ya Utawala ya Kenya, iliyoanzishwa kwa haraka kwa sababu uhuru ulikuwa unakaribia, na Waafrika walihitajiwa kushika afisi zilizokuwa mikononi mwa Wazungu. Lakini hata hiyo ilikuta nyumba zimekwisha jengwa. Tangu 1925 mahali pale paliitwa Jeanes School.

Jina hilo lilitoka mbali. Anna Jeanes alikuwa mwanamke tajiri wa Philadelphia, Marekani, ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni 1 zisaidie shule za mashambani za watu weusi wa kusini ya nchi ile. Mwaka uliofuata mwalimu wa kwanza wa mpango huo akateuliwa, naye ni Virginia Randolph, binti wa watu waliokuwa watumwa. Kazi yake haikuwa kuketi katika shule moja. Alizunguka katika shule zaidi ya 20 za wilaya ya Henrico, Virginia, akiwatazama walimu wakifundisha, akiwasaidia pale walipokwama, akiwashauri wazazi habari za usafi na bustani na kazi za mikono.

Mwaka 1924 ujumbe wa Phelps-Stokes ulikuja Afrika ya Mashariki kuchungua habari za elimu, na katibu wake alikuwa James Dougall. Mwaka uliofuata shule ikafunguliwa Kabete kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka New York, na Dougall akawa mkuu wake wa kwanza. Walimu waliochaguliwa walikuja pamoja na wake zao na watoto wao, wakaishi katika nyumba ndogo ndogo palepale shuleni. Mume alijifunza jinsi ya kuzisaidia shule za vijiji. Mke alijifunza malezi ya watoto, usafi na mambo ya nyumba. Walipomaliza walirudi makwao kuzunguka katika shule za vijijini, kama alivyofanya yule mama wa Virginia.

Najua kwamba kulikuwa na watu walioilaumu elimu ya namna ile, wakisema ilikusudiwa kumweka Mwafrika shambani asifike mbali. Lawama hiyo haikukosa msingi. Hata hivyo, jambo moja katika mpango ule lilikuwa sawa kabisa, nalo ni kwamba mafunzo hayakuhesabiwa kuwa yamekwisha siku ya kutoka darasani. Yalipimwa kijijini, mbele ya mtoto aliyeketi chini mwenye kibao mkononi.

Sasa nitasema neno ambalo huenda lisiwapendeze wakubwa waliomo humu. Siku hizi tunayo mafunzo mengi. Mtu hupelekwa chuoni au hotelini siku 5, husikiliza habari za uongozi, hupigwa picha pamoja na wenzake, hupewa cheti. Jumatatu anarudi kwenye meza ileile na mkubwa yuleyule, na hakuna amwulizaye alijifunza nini. Cheti hutundikwa ukutani. Nimeyahudhuria mafunzo kama hayo, tena nilikula vizuri. Silaumu walimu, wengi wao ni hodari. Nalaumu desturi ya kumpeleka mtu mafunzoni kama apelekavyo mtu saa yake kwa fundi, akidhani itarudi imekwisha tengenezwa na kazi yake yeye ni kulipa tu. Mkubwa ndiye mwalimu wa kwanza wa watu wake, na darasa lake ni siku zile zote ambazo hakuna semina.

Tena iko hatari nyingine. Wako wakubwa ambao wamegundua kwamba kusema habari za maana ya kazi hakuna gharama. Karani akiuliza habari za malipo yake ya muda wa ziada, hujibiwa kwamba utumishi ni wito. Hao nawakumbusha habari za kijana mmoja aliyefunzwa palepale Kabete. Tom Mboya alisoma huko kazi ya ukaguzi wa afya tangu 1948 hata 1950, kisha akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Alikuwa na ujuzi, na kazi yenyewe ilikuwa na maana kubwa, kwa maana maziwa machafu huua watoto. Walakini mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule aliopewa mkaguzi wa Kizungu kwa kazi iyo hiyo. Katika kitabu chake kilichotoka 1963 alisimulia jinsi alivyokuwa peke yake afisini, akaingia mama mmoja wa Kizungu aliyeleta maziwa yapimwe. Yule mama akatazama huku na huku, akauliza kama hapana mtu. Mboya akamwuliza kama macho yake yana kasoro.

Mwafahamu yaliyofuata. Aliwaunganisha wafanya kazi wenzake katika chama, akaiacha afisi ile mwaka 1953, akawa mkuu wa vyama vya wafanya kazi, na baada ya uhuru akawa waziri, mpaka alipouawa tarehe 5 Julai 1969 katika barabara ambayo leo yaitwa Moi Avenue, ambako sanamu yake imesimama. Halmashauri ilimpoteza mkaguzi mwema. Maana ya kazi haiwezi kusimama mahali pa ujira wa haki, wala pa heshima. Mtu akionyeshwa yule amtumikiaye, naye mwenyewe haonekani, moyo wake hugeuka mchungu.

Basi mkubwa afanye nini? Mimi si mwalimu wa uongozi, nasema niliyoyaona. Yule mkubwa wangu alianza desturi ya kumtoa karani mmoja kila Ijumaa, akampeleka mahali karatasi zake zinapofika. Mwenzetu mmoja wa masijala, mtu wa kimya, alipelekwa kuketi karibu na dirisha ambapo watu hujaza fomu aliyokuwa akiipokea kwa miaka. Akaona kila mtu akikwama katika mstari uleule. Alirudi akaomba mstari ule uandikwe upya. Kwa muda wote aliokuwa kazini hakuwa amewahi kuomba jambo lo lote.

Serikali yenyewe imelijaribu wazo kama hilo kwa kadiri kubwa. Novemba 2013 Kituo cha Huduma cha kwanza kilifunguliwa katika jumba la Posta Kuu, mjini hapa, ambapo watumishi wa idara mbalimbali huketi chini ya paa moja, uso kwa uso na wenye shida. Zamani faili lilisafiri kutoka jumba hata jumba na mwenye faili akilifuata kwa miguu. Foleni bado zipo, nami nimesimama ndani yake. Lakini karani wa pale hawezi kusema kwamba hajui kazi yake inaishia kwa nani, kwa kuwa mtu huyo ameketi mbele yake.

Nasi wafasiri hatuna dirisha la namna hiyo, kwa hiyo nimejitafutia langu. Yuko tarishi mmoja katika afisi yetu, mtu mzima, aliyeacha shule mapema na ambaye hana subira na maneno makubwa. Tangu siku ile ya ng'ombe, halitoki tangazo lo lote mkononi mwangu kabla sijamsomea yeye kwa sauti. Mwanzoni alidhani namfanyia mzaha. Sasa huvuta kiti mwenyewe.

Juma lililopita nilimsomea tangazo la kufungwa kwa barabara moja kwa ajili ya matengenezo. Lilieleza magari yapite wapi, na mabasi yapite wapi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mwenye mkokoteni apite wapi, Mwalimu?" Nikatazama Kiingereza, hakikusema. Nikainua simu nikawauliza watu wa barabara, nao hawakuwa wamelifikiri. Tangazo lile lilichelewa siku 2, likatoka likiwa na mstari mmoja zaidi.