Furaha ya Mwandishi

Watu hutuuliza mara nyingi, mwandishi hupata faida gani? Twawajibu kwa habari za jirani yetu. Marehemu Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Tangu 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha, na ukarani hauachi nafasi kubwa. Hata hivyo aliandika. Alifariki 1962. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulipigwa chapa 1967, na Utubora Mkulima 1968. Vitabu hivyo hakuviona vikiuzwa dukani.

Basi furaha yake ilikuwa wapi? Sisi twaona ilikuwa pale pale mezani, neno lililokataa lilipokubali kukaa mahali pake. Ujira huo hulipwa papo hapo, wala hautozwi ushuru! Nasi walimu, tuandikapo ubaoni sentensi iliyonyooka, huonja kidogo utamu huo, tukawashukuru waliotufundisha kushika kalamu.

Na mtoto wa Ngamiani asomapo Adili na Nduguze barazani kwa sauti, mwandishi hulipwa tena, ingawa yu kaburini. Bibi asiyejua kusoma huacha ukili wake, akasema, “Hebu rudia hapo, mjukuu wangu.”