Mpe Mtoto Neno Kabla ya Kumnyamazisha
Mazungumzo kwa wazazi, walezi na walimu wa chekechea, Ngara



Kila asubuhi, kwenye geti la chekechea, kuna mtoto anayelia. Mama ana haraka. Mzigo wa mitumba unamngoja sokoni Ngara. Neno la kwanza analosikia mtoto ni "Nyamaza!" Akiwa mvulana, huongezewa: "Mwanamume halii." Basi hunyamaza, lakini hofu yake hainyamazi. Saa nne atamwuma mwenzake, na ataitwa mtundu.

Mtoto wa miaka minne ana hasira, hofu, wivu na aibu kama mtu mzima. Alichokosa ni maneno ya kuzitaja. Asiyeweza kusema "naogopa" husema kwa meno na mateke.

Hadithi humpa maneno hayo. Anayesimulia kisa cha Sungura na Fisi asikimbilie funzo. Atulie pale Fisi anapobaki na njaa, aulize: "Fisi anahisi vipi sasa?" Mtoto atamsemea Fisi yale asiyothubutu kujisemea mwenyewe. Simulieni kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiswahili, Kikuyu, Kisomali au Kigujarati.

Yasiyosemeka huchorwa. Mafuriko ya 2024 yalipofagia nyumba kando ya mito ya Nairobi na Mathare, watoto nao walishuhudia. Mtoto aliyeona maji yakiingia chumbani anaweza kushtuka kila mawingu yanapotanda. Mpe chaki au kipande cha makaa, achore mvua ile. Usimsahihishe wala usimcheke. Mwambie tu, "Nieleze mchoro wako," kisha usikilize hadi amalize.

Halafu kuna nje. Watoto wengi wa Ngara wanalelewa kwenye fleti zisizo na ua. Lakini Bustani ya John Michuki iko karibu, kando ya Mto Nairobi. Zamani palikuwa jaa la taka. Leo pana miti na nyasi. Mtoto akipanda, akianguka na kuinuka, hujifunza kwamba uchungu huja na hupita. Muulize, "Moyo unapiga vipi?" Atagundua kwamba hofu huanzia mwilini, na kwamba akivuta pumzi polepole hutulia.

Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na walimu wana wajibu wao. Hata hivyo, saa nyingi za mtoto ziko nyumbani. Dakika kumi kabla ya kulala, simu ikiwa pembeni, zinatosha kwa hadithi moja.

Tahadhari moja: si kila huzuni ni ya kutulizwa kwa hadithi. Mtoto akibadilika ghafla, akimwogopa mtu fulani, au akiwa na alama za kuumizwa, zungumzeni na mwalimu, mpelekeni hospitali, au pigeni simu ya watoto nambari 116. Haitozwi pesa.

Kesho asubuhi, kwenye geti lile lile, mama ainame kidogo aseme: "Najua unaogopa. Nitakuja kukuchukua saa sita." Halafu saa sita afike kweli, au amtume anayejulikana na mtoto. Ahadi ni deni, na mtoto hulihesabu kuliko mtu mzima.